Voyager Imevuka Mpaka. Sawa, Lakini Tulijuaje?

Kama bado hujaitazama The Farthest, itafute uitazame. Ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Emer Reynolds wa Ayalandi, inayosimulia safari ya vyombo viwili vya Marekani, Voyager 1 na Voyager 2. Vyote viwili vilirushwa mwaka 1977, havijarudi na wala havitarudi. Filamu ina urefu wa kama saa mbili na huchoki. Watu walioviunda na kuviendesha vyombo hivi wanaongea mbele ya kamera kwa namna ambayo sisi wanafunzi wa sayansi hatuioni mara nyingi: wanatania, wanakumbuka hofu zao, wanaonyesha wazi kwamba kazi hii ilikuwa maisha yao. Kwa mtu anayedhani sayansi ni kukariri kanuni, ni dawa nzuri.

Lakini nina ugomvi nayo, na si ugomvi mdogo.

Sehemu kubwa ya filamu inakwenda kwenye sayari nne zilizotembelewa, yaani Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptun, kwenye ile santuri ya dhahabu iliyobebwa na kila chombo, na kwenye picha maarufu ya Dunia ikionekana kama nukta. Kisha tunaambiwa kwamba mwezi Agosti 2012 Voyager 1 ilivuka mpaka na kuingia kwenye anga la kati ya nyota. Tunasisimka, na haki yetu kusisimka. Ila jiulize swali moja tu: tulijuaje?

Huko nje hakuna ukuta, hakuna kibao, hakuna ofisa wa kugonga muhuri. Kamera za Voyager 1 zilizimwa mwaka 1990, muda mfupi baada ya kupiga picha zile za Februari 14. Kwa hiyo chombo kilipofika mpakani kilikuwa kimekaa miaka 22 bila macho. Sasa nani alitupa habari kwamba kimevuka? Jibu ni vifaa vya kuhesabu chembe, na hao ndio mashujaa ambao filamu imewapa nafasi ndogo kuliko wanayostahili.

Ngoja nikueleze kazi yao, halafu uamue mwenyewe kama nalalamika bure.

Jua halitoi mwanga peke yake. Linapuliza pia upepo wa chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, unaokwenda kila upande kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Upepo huu umejichimbia kiputo kikubwa sana katikati ya gesi nyembamba iliyotapakaa kati ya nyota. Kiputo hicho kinaitwa heliosfia. Upepo ukikaribia ukingo unapunguza kasi ghafla. Mahali hapo tupaite mahali pa breki. Ukiendelea zaidi unafika pale ambapo nguvu ya upepo wa Jua na nguvu ya gesi ya nje zinalingana. Huo ndio mpaka wenyewe, heliopozi.

Humo njiani kuna chembe za aina mbili zenye nishati kubwa. Aina ya kwanza ni za ndani, zilizoongezewa kasi humu humu kwenye kiputo. Aina ya pili ni miale ya kosmiki inayotoka mbali kwenye galaksi, ambayo kwa sehemu kubwa inaaminika kutokana na mabaki ya nyota zilizolipuka. Miale hii iligunduliwa mwaka 1912 na Victor Hess, aliyepanda na puto hadi kilomita zaidi ya 5 juu, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, akakuta mnururisho unaongezeka kadiri anavyopanda badala ya kupungua. Heliosfia inatukinga na sehemu kubwa ya miale hiyo, hasa ile yenye nishati ya chini.

Fikiria sasa mvuvi anayetoka na mtumbwi kwenye mlango wa Rufiji kuelekea bahari kuu. Hakuna mstari uliochorwa majini. Lakini akichota maji na kuonja kila baada ya muda, atajua: utamu unapungua, chumvi inazidi. Vifaa vya Voyager vilikuwa vinaonja hivyo hivyo. Chembe za ndani zikipungua na miale ya nje ikiongezeka, unakaribia kutoka.

Waonjaji walikuwa wawili hasa. Kimoja kilipima chembe zenye chaji za nishati ya chini, na timu yake iliongozwa na Stamatios Krimigis wa maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kina kichwa kinachozungushwa na mota ndogo ili kujua chembe zinatoka upande gani. Mota hiyo ilijaribiwa kwa hatua 500,000, zinazotosha kukifikisha chombo Zohali mwaka 1980. Ile ya Voyager 2 ilipozimwa Machi 2025 kuokoa umeme, ilikuwa imepiga hatua zaidi ya milioni 8.5. Niambie, hiyo si sinema? Kifaa cha pili kilipima miale ya kosmiki, na kiongozi wake alikuwa Ed Stone, ambaye pia alikuwa mwanasayansi mkuu wa mradi mzima tangu 1972 hadi 2022.

Stone yumo kwenye filamu. Anaongea, na anaongea vizuri. Yaani filamu ilikuwa na mtu mwenyewe wa miale ya kosmiki mbele ya kamera, na bado mtazamaji anatoka bila kujua miale hiyo ilikuwa na kazi gani kwenye habari ya mpaka.

Hapa ndipo ugomvi wangu unapokuwa mkubwa, kwa sababu kilichoachwa nje ni kisa kizuri kuliko ushindi wenyewe. Ni kisa cha watu wenye akili sana, wakitazama chembe zile zile, wakishindwa kukubaliana.

Kilianza kabla ya 2012. Mwezi Novemba 2003 jarida la Nature lilichapisha makala mbili katika toleo moja. Krimigis na wenzake walisema Voyager 1 ilikuwa imeshatoka kwenye upepo wa Jua wenye kasi, ikiwa umbali wa karibu vizio astronomia 85. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua, karibu kilomita milioni 150. Frank McDonald na wenzake wakasema hapana: ongezeko la chembe linaonyesha tuko karibu na mahali pa breki, hatujapafika. Chombo ni kimoja, kipindi ni kimoja, hitimisho mbili. Kifaa ambacho kingepima upepo wenyewe moja kwa moja kilikuwa kimeharibika kwenye Voyager 1 tangu 1980, kwa hiyo hakukuwa na wa kuwaamua. Ikabidi wasubiri. Desemba 2004, kwenye vizio 94, uga wa sumaku uliongezeka nguvu ghafla na ishara nyingine zikaja pamoja. Safari hii walikubaliana kwamba mahali pa breki pamevukwa.

Na hata hapo chembe zilikuwa na jambo la kuwaaibisha wananadharia. Kuna kundi la chembe za ndani zinazoitwa miale ya kosmiki isiyo ya kawaida. Asili yake ni atomi zisizo na chaji zinazoingia kutoka nje, zinapokonywa elektroni karibu na Jua, zinabebwa na upepo kurudi ukingoni, na huko zinaongezewa kasi. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba kiwanda chake kiko mahali pa breki. Basi Voyager 1 ilipopita pale, walitarajia kuzikuta kwa wingi kabisa. Hawakuzikuta hivyo. Ziliendelea kuongezeka baada ya kupita. Kiwanda hakikuwa pale chombo kilipopitia.

Kwa hiyo ilipofika 2012, watu hawa walikuwa wameshajifunza kuogopa maneno makubwa. Julai 28 chembe za ndani zilipungua ghafla, kisha zikarudi. Katikati ya Agosti zikashuka tena, zikarudi tena. Tarehe 25 Agosti zikashuka na hazikurudi. Kwa vipimo vya timu ya Krimigis, zilipungua zaidi ya mara 1,000, na wakati huo huo miale ya kosmiki ya galaksi iliongezeka kwa asilimia 9.3. Utamu umekwisha, chumvi imejaa. Tumefika baharini, si ndiyo?

Wengi wangejibu ndiyo. Bill Webber na Frank McDonald waliandika makala juu ya mabadiliko hayo, na McDonald, yule yule wa 2003, aliyeitumikia miale ya kosmiki maisha yake yote, alifariki Agosti 31, siku sita baada ya mstari kushuka. Makala ilipotangazwa Machi 20, 2013, taarifa ya jumuiya ya wanajiofizikia wa Marekani ilibeba kichwa kinachosema Voyager 1 imetoka kwenye mfumo wa Jua. Siku hiyo hiyo NASA ikatoa kauli: timu ya Voyager haijakubaliana hivyo. Kichwa cha taarifa kikabadilishwa.

Kwa nini ubishi wote huo wakati chembe zimesema? Kwa sababu ya sumaku. Walitarajia kwamba ukitoka nje ya kiputo, mwelekeo wa uga wa sumaku ungebadilika, kwa vile uga wa ndani unatokana na Jua na wa nje ni wa galaksi. Vipimo vikaonyesha uga umeongezeka nguvu, lakini mwelekeo haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Chembe zinasema tuko nje, sumaku inasema mbona kama bado tuko ndani. Juni 2013 jarida la Science lilichapisha makala tatu za timu ya Voyager, na ukizisoma unaona watu wanaokataa kukimbilia jibu.

Aliyewaokoa ni Jua lenyewe, kwa bahati. Machi 2012 Jua lilikuwa limetoa mlipuko mkubwa. Miezi 13 baadaye, Aprili 2013, msukumo wa mlipuko ule ukakifikia chombo na kuzitikisa elektroni zilizokizunguka. Elektroni zikitikiswa hivyo hupiga mdundo, na mdundo unategemea zimesongamana kiasi gani. Kifaa cha Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa kikausikia. Hesabu ikatoa elektroni 0.08 kwa kila sentimita moja ya ujazo, karibu mara 40 ya kiwango cha ndani ya ukingo wa heliosfia. Msongamano wa namna hiyo ni wa nje. Walipokokotoa kurudi nyuma, tarehe ikaangukia pale pale: Agosti 25, 2012. NASA ikatangaza rasmi Septemba 12, 2013.

Hata hapo, si kila mtu aliridhika. Mwaka 2014 Lennard Fisk na George Gloeckler wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha hoja kwamba Voyager 1 huenda bado iko ndani. Novemba 5, 2018 Voyager 2 ikavuka kwa njia yake, kwenye vizio 119, ikiwa na kile kifaa cha kupima upepo kinachofanya kazi. Chembe za ndani zikaporomoka, miale ya nje ikapanda, upepo wa Jua ukatoweka, na mwelekeo wa sumaku, kama kwa mwenzake, haukubadilika sana. Wengi wakaona kwamba lililokuwa na kasoro ni tarajio kuhusu sumaku. Kwa nini sumaku ya ndani na ya nje zifanane hivyo mpakani, hilo bado linatafutiwa maelezo.

Sasa rudi kwenye filamu. Mwaka mzima wa wasiwasi, kifaa kimoja kikibishana na kingine, tangazo lililotolewa na kurekebishwa, mlipuko wa Jua uliofika kama shahidi aliyechelewa. Kisha filamu inakufupishia yote kuwa: ilivuka. Mtu ataniambia, lakini grafu haifai kwenye skrini, watu wanataka kuona pete za Zohali. Sikubali. Grafu ya Agosti 2012 ina mistari miwili. Mmoja unatembea, unajikwaa, unainuka, unajikwaa tena, kisha unadondoka kama jiwe kutoka kwenye mwamba. Mwingine unapanda. Mtoto wa darasa la sita anaielewa kwa dakika moja ukimwambia kila mstari ni wa nini. Filamu ya saa mbili haikosi dakika tatu.

Badala yake santuri ya dhahabu inapewa muda mrefu. Siichukii. Ina salamu kwa lugha 55, na msikilizaji wa kwetu atatega sikio: Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, Kiila cha Zambia kimo. Kiswahili hakimo. Unaweza kuudhika kidogo, nami nakuelewa. Lakini tazama tofauti. Santuri ni sisi tukiongea na wasikilizaji ambao pengine hawapo. Vifaa vya chembe ni sisi tukisikiliza, na tulichosikia kipo, kimehesabiwa, na mtu wa Kampala au Morogoro anaweza kukikagua sawa na mtu wa Pasadena, kwa maana data za vifaa hivyo ziko wazi kwa umma. Ukiwa na nafasi ya kusimulia kimoja tu kwa undani, mimi ningechagua hicho.

Kuna na ile sentensi, nayo inanikera zaidi kuliko filamu: Voyager imetoka nje ya mfumo wa Jua. Inarudi kwenye mitandao yetu ya Kiswahili kila baada ya muda, kama habari mpya. Si sahihi, labda uamue kwamba mfumo wa Jua unaishia pale upepo wake unapoishia. Mvuto wa Jua unafika mbali zaidi. Kuna wingu la vimondo vya barafu linaloitwa wingu la Oort, ambalo kwa makadirio ya NASA Voyager 1 itahitaji miaka kama 300 kulifikia na labda miaka 30,000 kulimaliza. Kilichovukwa ni mpaka wa upepo. Sema hivyo tu: imetoka kwenye upepo wa Jua. Ni fupi, ni kweli, na inamwalika msomaji kuuliza upepo gani huo.

Utaniuliza, kwani kuna hasara gani? Mtu amefurahi, amejua Voyager iko mbali, inatosha. Hasara ni hii. Ukimzoesha mtu kupokea matokeo bila ushahidi, umemzoesha kuamini sauti. Leo sauti hiyo ni ya NASA, kesho ni ya mtu mwenye simu na muziki wa kutisha nyuma yake, na msomaji hana kipimo cha kuwatofautisha. Lakini aliyefuata kisa cha Agosti 2012 amepata maswali ya kubeba popote: kifaa gani kimepima? Kuna kifaa kingine kinachokubali? Kipi kinakataa, na kwa nini? Darasani kwetu mambo haya yanatajwa siku moja ya mwanzo wa muhula chini ya kichwa cha njia ya kisayansi, tunanakili, tunasonga mbele. Kisa hiki kinaonyesha yanavyofanyika, watu wakiwa na majina yao na sifa zao mezani.

Na muda wa kukisimulia kwa wahusika wenyewe unakwisha. Umeme wa vyombo hivi unatokana na joto la plutoni, na unapungua kwa karibu wati 4 kila mwaka. Kifaa cha miale ya kosmiki cha Voyager 1 kilizimwa Februari 25, 2025, na kile chenye mota cha Voyager 2 mwezi uliofuata. Ed Stone alifariki Juni 2024. Septemba 24, 2025 Marekani ilirusha chombo kipya kinachoitwa IMAP, kitakachokaa kilomita kama milioni 1.5 kutoka Duniani kuelekea Jua na kuuchora mpaka kwa kukamata atomi zinazotoka ukingoni na kurudi huku. Ni kazi nzuri sana. Lakini kinautazama mpaka kutoka mbali. Waliowahi kuonja maji yenyewe ni wale wawili, na bado hakuna wa tatu aliyefika.

Kwa hiyo itazame The Farthest, kwa uzito wote naipendekeza. Ukifika pale wanaposema Voyager 1 ilivuka, simamisha filamu. Tafuta grafu ya vihesabu chembe vyake ya Agosti 2012, na umwombe unayetazama naye akuonyeshe kwa kidole ni siku gani. Akisita kati ya Julai 28 na Agosti 25, usimcheke. Kuna watu waliotumia mwaka mzima kabla ya kuthubutu kuitamka tarehe.